Mgongo wa Bampa

Bampa la gari lina pande mbili. Upande wa nje una rangi na unang'aa. Ndio unaooshwa kila asubuhi na ndio anaoutazama mnunuzi. Upande wa ndani ni mweusi. Una vumbi na matope yaliyogandamana, una mbavu nyembamba za kulitia nguvu, una masikio ya kulifungia kwenye bodi na, mahali fulani penye kivuli, una herufi chache zilizochorwa kiwandani. Ufundi wa kuunga plastiki ya magari iliyopasuka unaanzia upande huu wa pili, na sehemu kubwa ya thamani yake inabaki huko huko, ambako mwenye gari hataangalia tena hadi siku atakapogongwa upya.

Ufundi wenyewe ni mchanga. Hadi miaka ya 1960 bampa lilikuwa kipande cha chuma kilichopakwa kromu, na likikunjika fundi bodi alilifungua, akalilaza juu ya fuawe na kulinyoosha kwa nyundo. Plastiki iliingia kwenye vyombo vya moto polepole. Pikipiki ya Honda Super Cub ilipotoka mwaka 1958 tayari ilikuwa na kinga ya miguu ya polithini. Renault 5 ya mwaka 1972 ilikuwa miongoni mwa magari ya kwanza ya watu wa kawaida kuvaa mabampa ya plastiki mbele na nyuma. Plastiki iliyokuja kutawala kazi hii ni polipropilini, ambayo mkemia Giulio Natta aliitengeneza katika maabara yake ya Milano mwaka 1954. Mwaka 1963 yeye na Mjerumani Karl Ziegler waligawana Tuzo ya Nobeli ya Kemia kwa kazi yao juu ya plastiki za ukoo huo. Leo mabampa mengi sana yanayopita barabarani ni polipropilini iliyochanganywa na mpira kidogo ili yasivunjike kama sahani.

Mabadiliko hayo yalimnyang'anya fundi bodi nyundo yake. Chuma kikigongwa hujikunja na kubaki kimoja, na kilichokunjika kinaweza kukunjuliwa. Plastiki ikigongwa kidogo hubonyea na kurudi yenyewe, na ikigongwa sana hupasuka, wakati mwingine ikaacha kipande barabarani. Ilibidi ujuzi utafutwe upya, na katika Afrika Mashariki ulitafutwa mitaani, kwa majaribio na kwa vifaa vilivyokuwa karibu. Magari mengi ya huku hufika yakiwa yametumika Japani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini likishaingia litatembea miaka mingi mingine juu ya matuta, mashimo na chini ya jua la ikweta. Bampa jipya la gari la aina hiyo ni ghali, na la mtumba kutoka maduka ya spea ya Kirinyaga Road, Nairobi, au mitaa ya Gerezani, Dar es Salaam, huenda likawa la rangi nyingine, limekatika masikio, au halipo kabisa. Hapo ndipo mwenye gari anapoelekezwa kwa mtu aliyekaa chini ya mwembe na chuma cha kulehemu.

Kazi ya kwanza ya mtu huyo ni kusoma. Plastiki ni jina la ukoo. Ndani yake wamo ndugu wasioshikana hata wakitiwa moto pamoja. Ndiyo maana viwanda huandika aina ya plastiki nyuma ya kifaa, kati ya alama mbili zinazotazamana kama mishale: >PP+EPDM-TD20<, kwa mfano. Anayejua kusoma ataelewa kwamba hiyo ni polipropilini, imetiwa mpira wa aina ya EPDM, na asilimia 20 ya uzito wake ni unga wa jiwe laini la talki. ABS ni plastiki ngumu na nyororo inayopatikana sana kwenye vifuniko vya ubavuni vya pikipiki na kwenye sho za magari. PC ni polikaboneti, kioo cha taa za mbele. PA ni nailoni, na ikifuatwa na GF maana yake imetiwa nyuzi za kioo. Matangi ya juu na chini ya rejeta nyingi ni ya namna hiyo. PUR ni poliurithani, na baadhi ya vipande vyake vina tabia ya ugali: vikishaiva kiwandani havirudi kuwa unga. Moto hauviyeyushi, unaviunguza tu na kutoa moshi wenye sumu. Fundi akikuta herufi hizo anaweka chuma chake pembeni na kutafuta gundi.

Herufi zikiwa zimefutika au zimeondoka na kipande kilichopotea, inabaki mikono, pua na macho. Njia inayotajwa sana ni ya maji: kijipande cha polipropilini tupu huelea, cha ABS huzama. Ni njia nzuri kwa ndoo na viti, lakini kwa bampa hudanganya, kwa kuwa ule unga wa talki unaongeza uzito na polipropilini iliyotiwa asilimia 20 inaweza kuzama vilevile. Moto ni shahidi wa kuaminika zaidi. Kipande chembamba cha polipropilini kikiwashwa hutoa mwali wenye ubuluu chini, hudondoka matone, na kikizimwa hunuka kama mshumaa uliozimwa. ABS hutoa moshi mweusi wenye masizi yanayopepea hewani, na harufu yake ni kali yenye utamu usiopendeza. Tone la asitoni, ile ile iliyomo kwenye dawa nyingi za kutoa rangi ya kucha, humaliza ubishi: ABS hulainika na kunata chini ya kidole, polipropilini haijali kabisa. Mambo haya hayachukui hata dakika kumi, na fundi anayeyaruka anaifanya kazi yote iliyobaki juu ya bahati.

Sababu ya uangalifu huo inaonekana wakati wa kutafuta plastiki ya kujazia. Wanaoanza kazi hupenda kukata vipande vya dumu la maji au la mafuta ya kula, kwa kuwa yapo kila mahali na yanayeyuka vizuri. Dumu ni polithini. Likiyeyushwa juu ya bampa huonekana limeshika, likipoa huonekana zuri, na siku mwenye gari atakapopanda ukingo wa barabara linabanduka lote kama gamba la kidonda. Polithini na polipropilini ni ndugu wa karibu kwenye vitabu vya kemia, lakini hazichanganyiki. Polipropilini halisi iko majumbani kwa wingi: viti vya plastiki vya sherehe, maboksi ya betri za magari, hata viroba vya kusokotwa vya sukari na mchele. Hata hivyo dawa bora ya bampa ni bampa. Gereji yenye utaratibu huweka rundo la mabampa yaliyokufa kabisa, na fundi huyakata vipande virefu vyembamba, kila rundo na herufi zake, kama mshonaji anavyopanga nyuzi zake kwa rangi.

Kabla ya moto kuna maji. Bampa linalazwa kifudifudi juu ya gunia na kuoshwa kwa sabuni ndani na nje, maana grisi na dawa za kung'arishia zikisagwa kwa msasa kabla ya kuoshwa huingia ndani zaidi. Likikauka, fundi hulikunja kidogo kwa mikono yote miwili na kuutazama ufa ukifunguka. Ufa una mkia usioonekana. Jicho linaona umeishia hapa, lakini plastiki ikikunjwa, ukungu mweupe unatokea sentimita moja au mbili mbele zaidi, na huko ndiko unakoishia kwa kweli. Mwishoni pa mkia huo hutobolewa tundu dogo la milimita 3 hivi. Tundu hilo ni busara kubwa katika umbo dogo: ncha kali ya ufa hukusanya nguvu zote za mtikisiko mahali pamoja na kuendelea kuchana, lakini ikikuta ukingo wa mviringo nguvu hiyo hutawanyika. Fundi akilisahau, ufa utapita chini ya kazi yake nzuri na kutokea upande wa pili ndani ya miezi michache.

Kekee nayo huzungumza. Ikitoa nyuzi ndefu zilizojiviringisha, plastiki ingali hai. Ikitoa unga, jua limeshaila. Mwanga wa jua hukata minyororo mirefu ya molekuli inayoipa polipropilini unyumbufu wake, na mahali palipokaa wazi bila rangi huanza kutoa chokaa ya kijivu inayobaki kiganjani. Uharibifu huo huanzia juu, kwenye ngozi. Kwa hiyo hukwanguliwa kwa kisu au msasa wa chenga kubwa hadi plastiki yenye rangi yake ya asili itokee, kwani ngozi iliyokufa haishikani na kitu.

Halafu kingo mbili za ufa hukutanishwa. Hapa mikono hodari hujulikana kwa utulivu. Bampa lililokaa limepasuka kwa wiki kadhaa huwa limejipinda, kila upande umeshazoea uelekeo wake, na likiungwa hivyo hivyo halitarudi kwenye bodi. Hupashwa joto polepole kwa bunduki ya hewa moto, au humwagiwa maji yanayochemka, likasukumwa taratibu hadi mstari wa rangi wa upande wa nje ukutane sawasawa. Fundi huupitishia ukucha. Ukucha ukikwama, hata kidogo, anaanza upya. Kingo zikikubaliana, anagusa kwa ncha ya chuma cha moto hapa na pale upande wa ndani, kama fundi cherehani anavyopiga bandi kabla ya mshono wenyewe.

Chuma chenyewe mara nyingi ni kile cha mafundi redio, ncha yake imefuliwa ikawa bapa kama ulimi. Polipropilini huyeyuka karibu na nyuzi 160 za Selsiasi na chuma hicho hupita hapo kwa mbali sana, ndiyo maana kasi ya mkono ndiyo kipimajoto. Plastiki iliyofika kwenye joto lake hung'aa na kulegea kama asali nzito. Ikianza kutoa moshi na kuwa kahawia imeungua, minyororo yake imekatika, na unganiko la plastiki iliyoungua ni kama matofali yaliyojengwa kwa jivu. Fundi huchimba mfereji wa umbo la V juu ya ufa, unaingia zaidi ya nusu ya unene wa bampa, ambao kwa kawaida ni milimita 3 tu. Kisha anayeyusha kingo za mfereji na uzi wa kujazia kwa wakati mmoja, ulimi wa chuma ukiwa katikati ya vyote viwili, ili vitu viwili vilivyo majimaji vikutane. Kosa la kawaida ni kudondosha plastiki ya moto juu ya plastiki baridi. Huo si mshono. Ni nta iliyomwagika mezani.

Sauti zote hupungua wakati huu. Mkono wa kulia unakwenda milimita chache, unasimama, unazungusha ncha nusu duara ili uzi na bampa vikorogeke, unasogea tena. Mkono wa kushoto unasukuma uzi. Mshono wa sentimita 20 unaweza kumla mtu nusu saa, na ukiisha huachwa upoe wenyewe. Kuumwagia maji ili uwahi kugumu ni tamaa, kwani unganiko lililopozwa ghafla hubaki na mvutano ndani yake.

Mafundi wengi huiita kazi hii kushona bampa, na jina hilo ni la haki. Juu ya mshono, upande wa ndani, huzamishwa waya: vipande vifupi vinavyoukata ufa kwa mkingamo, au wavu mwembamba wa chuma. Siku hizi kuna kifaa kinachopasha pini zenye mikunjo na kuziingiza kwenye plastiki kwa sekunde chache. Palipokosekana vyote hutobolewa matundu mawili mawili kila upande wa ufa na kufungwa kwa waya, kama wanawake wa bara walivyoshona vibuyu vilivyopasuka kwa nyuzi za mimea, na kama mafundi wa visiwa vya Lamu walivyoshona mitepe yao, mbao kwa mbao, kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari hata mmoja. Mashua zilizoshonwa za pwani hii zilikwisha kuandikwa na Mgiriki mmoja katika karne ya 1, katika kitabu kinachojulikana kama Periplus. Hoja ya mtepe ndiyo hoja ya bampa: kitu kitakachopigwa na kutikiswa kinahitaji kiungo kinachokubali kunyumbuka, na kamba hukubali ambapo msumari ungepasua.

Uchaguzi wa waya una siri zake. Waya wa kufungia nondo ni rahisi kupata, lakini hushika kutu, na kutu huvimba na kuinyanyua plastiki kutoka ndani. Mombasa, Tanga na Zanzibar, kwenye hewa ya chumvi, jambo hilo huja haraka. Waya wa shaba uliochunwa kutoka nyaya za umeme haushiki kutu hiyo na hukunjika vizuri, kwa hiyo hupendwa, lakini shaba huharakisha kuzeeka kwa polipropilini inayogusana nayo. Waya wa chuma kisichoshika kutu, hata ule wa kuchambuliwa kutoka chujio la zamani la jikoni, ndio unaostahili. Ukishazama hufunikwa kwa plastiki ya kutosha usionekane wala usiguswe na maji.

ABS ina njia yake ya upole zaidi. Kwa kuwa asitoni huilainisha, chembe za ABS hutiwa kwenye kichupa chenye asitoni, zikalala humo usiku kucha, na asubuhi panakuwa na uji mzito wa rangi ile ile ya kifuniko. Uji huo hupakwa ndani ya ufa, unaziyeyusha kingo, asitoni inaruka hewani, na kinachobaki ni ABS iliyoungana na ABS. Mwendesha bodaboda aliyevunja kifuniko cha ubavuni akatunza vipande vyake anaweza kukirudisha kikiwa kizima kwa gharama ndogo mno.

Kuhusu gundi zinazokauka papo hapo, zenye kunyunyiziwa majivu laini au magadi ili zigande kama jiwe, hukumu inapaswa kuwa ya wazi. Zinafaa kwa kushikilia kipande mahali pake wakati wa kazi, na kwa ABS ndani ya gari pasipo na mtikisiko. Kwenye bampa la polipropilini ni njia ya kumpeleka mteja nyumbani akiwa na furaha ya siku mbili. Uso wa polipropilini haukubali kulowana na gundi. Jiwe linalotengenezwa na majivu halikunjiki, na bampa linakunjika kila siku.

Ukaidi huo huo wa polipropilini hurudi wakati wa rangi. Maji yakimwagwa juu yake hujikusanya matone, na rangi nayo hufanya vivyo hivyo isipopakwa kwanza praima maalumu ya plastiki. Wasio na praima hupitisha mwali wa moto juu ya uso kwa haraka sana, kama mtu anayebabua manyoya ya kuku, na kisha hujaribu kwa maji: yakitandaa, uso umekubali. Puti nayo iwe ya kunyumbuka, kwani ile ya bodi za chuma hupasuka kwa mtikisiko wa kwanza. Msasa huanzia chenga kubwa kuelekea laini, na baada ya hapo kazi ni ya fundi rangi.

Uungwana wa ufundi huu uko pia katika kukataa. Bampa ni vazi. Nyuma yake kuna boriti na povu la kupokea kishindo, na kulishona bampa bila kutazama kama boriti imekunjika ni kumficha mgonjwa ugonjwa wake. Tangi la rejeta lililopasuka hubeba maji ya moto yenye msukumo, na kiraka chake ni cha kufikia gereji tu. Kifuniko cha mfuko wa hewa kwenye usukani hakiungwi kamwe, kwa sababu kimetengenezwa kipasuke kwa namna yake pekee. Kioo cha taa kilichopasuka hakirudishi mwanga wake, ingawa sikio la taa lililokatika linajengwa upya vizuri kabisa. Na moshi wa plastiki, wa aina yoyote, si wa kuvuta. Kivuli cha mwembe na upepo wake vina manufaa kuliko chumba kilichofungwa.

Katika yote haya hakuna plastiki inayomfaa fundi kuliko ile ile iliyovunjika. Ina mkunjo wake, unene wake, rangi yake na mchanganyiko wake kamili, na kingo zake zinaijua nafasi yake. Kipande cha upana wa vidole viwili kikikosekana, fundi atakijenga kwa wavu na nyuzi, lakini itamchukua saa nyingi na hakitafanana. Kwa hiyo anayegongwa, akishahakikisha watu wako salama na gari limewekwa pembeni, arudi barabarani aokote vipande vyote, hata kilicho kama ukucha, avitie kwenye mfuko mmoja na kuvipeleka gereji pamoja na bampa.